Minara ya Ngano: Kihenge cha Mbao cha Kanada na Mtu wa Mizani

Picha ya Inglis huwachanganya watu. Hiki ni kijiji kidogo cha magharibi mwa Manitoba, Kanada, ambacho wakazi wake wote wangeenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi. Lakini kando ya tuta lake la reli imesimama minara mitano ya mbao, mirefu kama jengo la ghorofa saba, imejipanga mstari mmoja kama askari wa gwaride. Haina kengele wala msalaba, haina madirisha ya maana, na yote mitano ilijengwa kwa kazi ile ile: kupokea ngano ya mkulima na kuipakia kwenye treni. Kijiji cha namna hii kilitaka maghala matano ya nini?

Ukiyaita maghala, swali halijibiki. Wenyewe hawakuyaita hivyo. Kwa Kiingereza jengo hili lina jina lile lile ambalo Wamarekani huiitia lifti ya ghorofani, "elevator", yaani kipandishio. Mimi nitaliita kihenge, kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo na ndilo tunalolisikia redioni Serikali inapozindua vihenge vya kisasa. Ila tuelewane mapema: kihenge cha Kanada hakikujengwa ili nafaka ikae. Kilijengwa ili nafaka ipite, na pale inapopita ndipo penye mizani. Ugomvi wote ulioizunguka minara hii kwa miaka karibu mia ulimhusu mtu aliyesimama kwenye hiyo mizani: nani amemweka, nani anamlipa, na mkulima akiona amepunjwa aende wapi.

Nafaka ikimwagwa ni maji

Tuanzie mbali kidogo, mji wa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1842. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825, ulikuwa umeifanya Buffalo kuwa mahali ambapo ngano ya magharibi hushushwa kutoka meli za maziwa na kupakiwa kwenye mashua za mferejini. Kazi hiyo ilifanywa na migongo ya watu, wengi wao wahamiaji kutoka Ayalandi, wakipanda na kushuka ngazi na mizigo begani kutwa nzima. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Mfanyabiashara Joseph Dart na mhandisi wake Robert Dunbar wakatengeneza mkanda usio na mwisho wenye vikombe, wakauzungusha kwa injini ya mvuke na kuuteremsha hadi tumboni mwa meli. Wazo la mkanda halikuwa lao. Oliver Evans alishalitumia kwenye vinu vya unga mwishoni mwa karne ya 18. Kipya kilikuwa nguvu ya mvuke na ukubwa wa jambo lenyewe.

Nafaka ikiwa ndani ya gunia ni mzigo. Ikimwagwa ni maji. Inatiririka, inajaza pembe zote za chombo, na kazi pekee inayodai nguvu ni kuipandisha juu mara moja. Ikishafika juu, uzito wake wenyewe utaishusha kwenye chumba chochote, behewa lolote, meli yoyote, mradi uielekeze kwa bomba. Ndiyo sababu jengo likawa refu, na ndiyo sababu likaitwa kipandishio.

Lakini maji hayana jina la mwenyewe. Gunia unaweza kuliandika jina lako na kulifuata hadi sokoni. Ngano yako ikishamwagwa juu ya ngano ya jirani, hakuna wa kuzitenganisha tena. Soko la nafaka la Chicago, lililoanzishwa 1848, lililitatua hilo kwa kupanga madaraja: mwenye ngano ya daraja fulani anapewa karatasi inayosema anadai kiasi kadhaa cha ngano ya daraja hilo, si punje zile zile alizoleta. Mkulima wa korosho au ufuta wa Tanzania anayeuza kwa stakabadhi ghalani anaijua karatasi ya namna hiyo. Huko Chicago karatasi ikageuka mali yenyewe, ikauzwa na kuwekwa rehani, na humo ikazaliwa biashara ya kununua ngano ambayo bado haijavunwa. Mamilioni ya dola yakawa yanasimama juu ya neno la mtu mmoja aliyechota konzi ya ngano, akaitazama, akasema: hii ni daraja la pili.

Reli, farasi na alfabeti

Mbuga za Kanada zilifikiwa na mashine hii kwa kuchelewa. Kihenge cha kwanza, cha mviringo, kilijengwa Niverville, Manitoba, mwaka 1879. Cha pembe nne, kwa mtindo uliokuja kuenea, kikafuata Gretna mwaka 1881, mali ya kampuni ya kusaga unga ya Ogilvie. Kilichovifanya vizagae ni reli. Canadian Pacific ilikamilisha njia yake ya kuvuka bara Novemba 1885, na mbele yake ilikuwa na mbuga nzima ya kujaza wakulima. Kitu ambacho haikuwa nacho ni subira. Haikutaka treni lake lisimame siku nzima likimngoja mtu na koleo lake. Ikatoa masharti: atakayejenga kihenge chenye mashine, cha kuchukua busheli zisizopungua 25,000, yaani karibu tani 680, atapata kiwanja kando ya reli kwa masharti nafuu. Na mahali palipo na kihenge, reli haitapokea ngano iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye gari la farasi wala kutoka ghala la kawaida.

Sharti hilo la pili ndilo lililozaa kila kitu kilichofuata. Kampuni moja ina reli, kampuni chache zenye mtaji zina vihenge, na mkulima hana mlango mwingine wa kutokea.

Vihenge vilifuatana kwa umbali gani? Hapo aliyeamua ni farasi. Gari lililojaa ngano, likivutwa kwenye njia ya matope au theluji, lilipaswa kwenda kituoni na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo vituo vikawekwa kila baada ya kilomita 10 hadi 16 hivi, na kila kituo kikapata kihenge, duka, posta na majina mapya. Kampuni ya Grand Trunk Pacific ilichoka kubuni majina ikaamua kufuata alfabeti. Ukisafiri njia yake ndani ya Saskatchewan unapita Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher, Lestock, na kuendelea, kama mtoto anayesoma herufi ubaoni. Miji ilizaliwa kwa rula, kabla ya watu wake kufika. Kufikia miaka ya 1930 mbuga za Kanada zilikuwa na vihenge zaidi ya 5,700, na zaidi ya 3,200 kati yake vilikuwa Saskatchewan peke yake.

Ndani ya mnara

Chukua asubuhi moja ya Oktoba, miaka ya 1920. Mkulima anapandisha farasi wake kwenye njia ya mteremko iliyotengenezwa kwa mbao nene, anaingia ndani ya kihenge kupitia mlango mpana, na kwato zinabadilika sauti. Amesimama juu ya mizani bila kushuka. Sakafu yenyewe ndiyo mizani. Wakala wa kihenge, mtu mmoja tu anayefanya kila kitu hapo, anasoma uzito: farasi wako nje ya jukwaa, gari na ngano juu yake, busheli kama 60. Busheli moja ya ngano ni kilo 27 na kitu. Kisha sehemu ya mbele ya gari inainuliwa, mlango wa nyuma unafunguliwa, na ngano inashuka kwa kishindo kupitia wavu wa sakafuni hadi shimoni. Gari tupu linapimwa tena. Tofauti ndiyo ngano.

Bado haijawa pesa. Wakala amekwisha kuchota sampuli wakati ngano inamwagika. Anaichekecha kwa vyungio vya matundu tofauti ili kutenga mbegu za magugu, makapi na punje zilizovunjika, anavipima vilivyotoka kwenye mizani ndogo ya mezani, na kwa hesabu hiyo anakata asilimia kadhaa ya mzigo mzima. Hayo ni makato ya takataka. Halafu anazitazama punje zilizobaki. Je, baridi kali iliziwahi kabla hazijakomaa? Zimekunjamana? Zimeota? Zimepauka kwa mvua? Zina unyevu kiasi gani? Anaziuma kwa meno, anazinusa. Daraja la juu liliitwa Kaskazini Namba Moja, na tofauti kati yake na Kaskazini Namba Tatu ilikuwa viatu vya watoto vya mwaka huo.

Mkulima anapokea tiketi. Ikiwa ameuza hapo hapo kwa bei ya siku, ni sawa na hundi. Ikiwa ameweka akisubiri bei ipande, ni stakabadhi, na ada ya kuhifadhi inahesabiwa.

Baada ya gari kuondoka, wakala anakwenda kwenye kibanda cha pembeni, ambako iko ofisi yake na injini ya silinda moja. Injini haikuwekwa ndani ya mnara kwa sababu vumbi la nafaka likielea hewani hulipuka kama baruti. Cheche moja inatosha. Anaiwasha, mkanda unaanza kuzunguka, vikombe vinachota ngano shimoni na kuipandisha hadi kichwani mwa jengo. Kule juu kuna bomba linalozungushwa kwa gurudumu lililo chini, na kwa kuligeuza anachagua ngano ianguke chumba gani kati ya vyumba kumi na kitu vinavyojaza mwili wote wa mnara. Akitaka kwenda juu kukagua, anasimama kwenye kijukwaa chenye uzito wa kumsawazisha upande wa pili na kujivuta kwa kamba gizani. Mwenye kizunguzungu hakuidumu kazi hii.

Kuta zake ndizo zinazonivutia zaidi. Hazina nguzo kama nyumba. Ni mbao zilizolazwa ubapa, moja juu ya nyingine, na kila moja ikapigiliwa misumari mirefu kwenye iliyo chini yake, kuanzia ardhini hadi paa. Ngano husukuma kuta nje, na husukuma zaidi chini kuliko juu, kwa hiyo mafundi walitumia mbao za upana wa inchi 8 chini, wakapanda na za inchi 6, wakamalizia na za inchi 4. Nje wakafunika kwa mbao nyembamba au bati, rangi ya kampuni, na jina la kijiji kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka kwenye treni.

Kupakia behewa nayo ilikuwa kazi. Mabehewa ya zamani yalikuwa masanduku ya mizigo yoyote, si ya nafaka. Wakala alipigilia mbao kwa ndani kwenye nusu ya chini ya mlango ili ngano isimwagike, akaelekeza bomba kwenye uwazi uliobaki juu, akafungua. Busheli elfu moja na zaidi, kisha behewa linalofuata linasogezwa kwa mtaimbo.

Kupunjwa na kushtaki

Aliyewahi kuuza mahindi kwa lumbesa hahitaji kuelezwa walichokilalamikia wakulima wa Saskatchewan. Mizani inayosoma pungufu, makato ya takataka yanayozidi takataka yenyewe, na daraja linaloshuka mlangoni na kupanda njiani: ngano inanunuliwa kama Namba Mbili, inachanganywa kidogo na iliyo bora, inauzwa kama Namba Moja. Kampuni za vihenge, ambazo zilitakiwa kushindana, zilipokea orodha moja ya bei kila siku kutoka chama chao kule Winnipeg. Mkulima aliyekataa bei ya kihenge cha kwanza alikuta bei ile ile kwenye cha pili na cha tatu. Hapo ndipo mtu anaanza kuelewa kwamba minara mingi mstari mmoja si lazima iwe na maana ya ushindani.

Malalamiko yakafika bungeni, tume ikaundwa 1899, na mwaka 1900 ikapitishwa Sheria ya Nafaka ya Manitoba. Iliwapa wakulima haki ya kupakia ngano yao wenyewe kutoka jukwaani, na ikataka mabehewa yagawiwe kwa haki. Mwaka uliofuata mavuno yakawa makubwa kupita kiasi, mabehewa yakawa machache, na machache hayo yakaenda kwa vihenge kama kawaida. Ngano ikalala nje kwenye baridi. Desemba 1901 wakulima wa Indian Head wakakutana na kuanzisha chama chao, W. R. Motherwell akiwa mstari wa mbele. Mwaka 1902 walifanya jambo ambalo halikutazamiwa na mtu: walimshtaki stesheni masta wa kituo cha Sintaluta kwa kuwanyima mabehewa kinyume cha sheria. Wakashinda kijijini, wakashinda tena kwenye rufaa. Tangu hapo kituoni kukawa na daftari la mabehewa. Jina lako likitangulia, behewa ni lako, uwe mkulima au kampuni.

Sintaluta hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa E. A. Partridge. Mwaka 1905 wenzake walimtuma Winnipeg akalitazame soko la nafaka kwa macho yake, akarudi na hasira zaidi ya alizoondoka nazo. Mwaka 1906 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya wakulima, ikanunua kiti sokoni, yaani haki ya kufanya biashara humo, ikafukuzwa mwaka huo huo kwa kosa la kuahidi kugawana faida na wanaoileta ngano. Serikali ya Manitoba ilibidi iingilie kati ili irudishwe.

Serikali za majimbo zilijaribu dawa tofauti. Manitoba ilinunua vihenge ikaviendesha yenyewe kuanzia 1910; ndani ya miaka miwili ilikuwa imechoka na hasara. Saskatchewan ikachagua mwaka 1911 kukopesha ushirika wa wakulima wajenge vyao, na hiyo ikashika mizizi. Alberta ikafuata 1913. Sheria mpya ya nafaka ya 1912 ikaimarisha ukaguzi wa Serikali, na mkulima asiyeridhika na jicho la wakala aliweza kudai sampuli yake ipelekwe kwa mkaguzi, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Kwa maoni yangu kifungu hicho kidogo kilikuwa na thamani kuliko vihenge mia vipya. Hakikumwondoa mtu wa mizani, ila kilimfanya ajue kuna anayemtazama.

Waliokuwa hawaruhusiwi hata kufika kwenye mizani

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama vita kati ya mkulima mdogo na kampuni kubwa, na ndivyo ilivyokuwa, lakini si yote. Jina Sintaluta si la Kiingereza. Linatoka lugha ya Wasuu na maana yake ni mkia wa mbweha mwekundu. Ardhi ilikuwa na wenyewe. Wakrii, Wasoto na wengineo walitia saini mikataba na Serikali katika miaka ya 1870, nyati wakiwa wanaisha, na baadhi yao wakaanza kulima ngano kwenye maeneo waliyotengewa. Walilima vizuri, kiasi cha majirani wazungu kulalamika kwamba wanashindana nao. Mwaka 1881 sheria ikamkataza Mwenyeji wa asili wa mbuga hizo kuuza nafaka yake bila kibali cha ofisa wa Serikali. Mwaka 1889 ikaja sera ya kuwataka walime mashamba madogo kwa zana za mkono, wakati jirani ng'ambo ya uzio ana mashine ya kuvunia. Sera ya zana za mkono iliachwa kabla karne haijageuka. Kibali kiliendelea kudaiwa muda mrefu baadaye. Mkulima mweupe aligombana na mtu wa mizani. Mkrii alihitaji barua ili amfikie.

Na kuna mkono wa habari hii unaofika hadi Manyara. Kuanzia 1970 Kanada ilifadhili mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo la Tanzania, kwenye tambarare za Basotu, Hanang, kwa matrekta, mbegu na utaalamu wa mbuga zake yenyewe. Ngano ilipatikana. Lakini makumi ya maelfu ya hekta yaliyolimwa yalikuwa malisho ya Wabarabaig, waliofukuzwa humo na baadaye kwenda mahakamani kudai. Kanada ilituletea kilimo cha mbugani pamoja na ugomvi wake wa ardhi. Ilichokiacha nyumbani ni vile vyama vya wakulima vilivyojua kumshtaki stesheni masta.

Basi kwa nini mitano?

Turudi Inglis. Reli ya Canadian Pacific ilifika hapo mwaka 1922, na kampuni tofauti zikaanza kujenga mara moja kabla shamba jirani halijawa la mwenzake. Kila kampuni ilihitaji mdomo wake kituoni. Faida ya kihenge haikutokana na kujaa. Ilitokana na kujaa na kumwagwa tena mara nyingi kwa msimu mmoja. Na mabehewa yakiwa ya kugombaniwa, mwenye kihenge ndiye aliyekuwa na neno.

Kisha likaja wimbi la ushirika mkubwa. Mwaka 1923 Alberta, na 1924 Saskatchewan na Manitoba, wakulima walitia saini mikataba ya miaka mitano kwamba ngano yao yote wataikabidhi kwa Ushirika wa Ngano wa jimbo, ushirika utauza, na wote watapata bei ya wastani. Malipo ya kwanza mlangoni, ya pili baadaye. Kijiji kikajigawa: huyu mtu wa ushirika, yule mtu wa kampuni, na unapita mlango wa kihenge kimoja makusudi ili ukamwage kwa kingine, kama vile watu wanavyopita duka la jirani kwa sababu za siasa. Minara ikaongezeka.

Mwaka 1929 vyama hivyo viliwalipa wakulima dola moja kwa busheli kama malipo ya mwanzo, wakitazamia kuuza juu ya hapo. Bei ya dunia ikaporomoka. Walikuwa wamewalipa wanachama zaidi ya thamani ya ngano yenyewe, na serikali za majimbo zikalazimika kudhamini madeni yao kwa mabenki. Kazi ya kuuza ikawatoka mkononi. Mwaka 1935 Serikali ya shirikisho ikaunda Bodi ya Ngano ya Kanada, ambayo tangu 1943 hadi 2012 ilikuwa mnunuzi pekee wa ngano ya magharibi. Vihenge vyenyewe vyama vya ushirika vikabaki navyo, vikalipa madeni yao taratibu.

Bei ya mwaka 1897

Farasi aliondoka miaka ya 1940. Lori liliweza kwenda kilomita 60 kwa muda ambao gari la farasi lilitumia kwenda 10, na kwa mantiki hiyo nusu ya vituo vilikuwa vimekosa kazi. Mbona vihenge havikufa wakati huo?

Viliendelea kuishi kwa sababu ya makubaliano ya zamani sana. Mwaka 1897 Serikali iliipa Canadian Pacific fedha za kujenga njia kupitia bonde la Crowsnest milimani, na kampuni ikakubali kupunguza nauli ya nafaka kwa senti 3 kwa kila ratili 100, bila kikomo. Mwaka 1925 nauli hiyo ikawekwa kwenye sheria. Miaka ikapita, mishahara na mafuta vikapanda mara nyingi, nauli ya nafaka ikabaki pale pale. Reli ikawa inapata hasara kwenye njia ndogo, ikataka kuzifunga, Serikali ikakataa. Mkulima hakuwa na sababu ya kupeleka ngano mbali, kwa kuwa kihenge cha karibu kilikuwa na nauli ya bei poa ile ile. Kwa hiyo minara ilisimama miaka arobaini baada ya farasi kuondoka, ikishikiliwa na bei iliyokubaliwa kabla ya ndege kubuniwa.

Mwaka 1983 nauli ile ikafutwa na ruzuku ikawekwa mahali pake. Agosti 1995 ruzuku nayo ikaondolewa. Kilichofuata kilikwenda kwa kasi. Kampuni za reli zikatoa punguzo kwa anayepakia mabehewa 50 au 100 kwa mkupuo. Mnara wa mbao wa Inglis haukuweza kupakia hata 10 bila kusimama. Zikajengwa silo za zege na chuma, kubwa, chache, kando ya njia kuu. Vyama vya ushirika, vikitafuta mtaji wa kuzijenga, vikaungana na kujigeuza kampuni za hisa: Alberta na Manitoba mwaka 1998, kisha na kampuni iliyotokana na ile ya Partridge mwaka 2001, kisha Saskatchewan ikawanunua wote 2007 na kujiita Viterra, kisha mwaka 2012 Viterra ikanunuliwa na Glencore ya Uswisi. Yaani ndani ya miaka 14, karne moja ya ushirika wa wakulima ilimezwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilipigiwa kura au kutiwa saini na watu waliokuwa na sababu za maana za kufanya hivyo. Vituo vya kununulia nafaka magharibi nzima ya Kanada leo havifiki 400.

Kijiji kikipoteza kihenge kilipoteza mlipa kodi wake mkubwa, na mara nyingi reli iling'olewa mwaka huo huo au uliofuata. Wamiliki wengi walichagua kubomoa badala ya kuuza, maana mnara mtupu ni hatari ya moto na bima yake ni ghali, na kumwuzia mkulima ni kumpa mshindani mizani. Inglis ilinusurika kwa kuwa mstari wake ulikuwa mzima wakati mistari mingine ilikuwa imeshavunjwa, ukatangazwa urithi wa taifa miaka ya 1990. Fleming, Saskatchewan, haikuwa na bahati hiyo. Kihenge chake cha 1895, kilichokuwa kongwe kuliko vyote vilivyobaki mahali pake pa asili, kilichomwa moto na mtu usiku wa Februari 2010, wakati ukarabati ukiendelea.

Mbao za vihenge vilivyobomolewa huuzwa mijini. Mafundi seremala wanazitafuta hasa zile za kuta za ndani, zilizosuguliwa na ngano ikishuka kwa miaka sabini au themanini. Punje zimekula sehemu laini za mti na kuacha zile ngumu, na ubao umebaki na mifereji mifereji ambayo ukipitisha kiganja unaihisi yote ikielekea upande mmoja, chini.